Kadi ya Zamani Si Lazima Iwe ya Thamani

Anayeanza kukusanya kadi zenye picha za wachezaji, awe Ujiji au Mwanga mjini Kigoma, hukutana mapema na imani ya siku nyingi kwamba kadi hupanda bei kadiri inavyozeeka. Umri peke yake hautoshi. Kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa Marekani, ilitolewa ndani ya pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911, na nakala moja iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 7.25, lakini kadi nyingi za toleo hilohilo, zenye umri uleule, haziikaribii bei hiyo hata kidogo, kwa kuwa ya Wagner ilisitishwa mapema na nakala zake ni chache mno. Mwaka huohuo, kadi ya Mickey Mantle, naye mchezaji wa besiboli, ya 1952, iliyo changa kwa miongo minne, ilifikia dola milioni 12.6.

Kadi za mwishoni mwa miaka ya 1980, zilizochapwa kwa wingi uliopindukia, nyingi hazina bei ya maana hadi leo.

Kinachopimwa ni uchache wa kadi, idadi ya wanaoitafuta na hali yake, hasa pembe na uso, na hapa mkusanyaji wa Kigoma ana kazi ya ziada, maana unyevu wa msimu wa mvua hupinda karatasi. Kila kadi ikae katika mfuko wake wa plastiki, ndani ya kasha lenye kifuniko, mbali na sakafu. Zinazojirudia abadilishane na wakusanyaji wenzake.