Je, wajua kwa nini mstari unaoigawa Australia umepewa jina la kocha wa mpira?

Chukua ramani ya Australia. Weka kidole Maningrida, pwani ya kaskazini kabisa, kisha ukiteremshe kupitia Birdsville na Broken Hill hadi kifike Canberra. Mstari uliouchora huwezi kuuona ardhini, hauna nguzo wala askari. Hata hivyo umeigawa nchi. Upande wa magharibi na kusini, kwenye miji ya Melbourne, Adelaide, Perth na Hobart, ukitaja mpira watu wanaelewa mpira wa Kiaustralia. Upande wa pili, Sydney na Brisbane, mpira kwa miaka mingi umekuwa raga.

Mstari huo unaitwa Mstari wa Barassi. Jina alilitunga mwanahistoria Ian Turner mwaka 1978, katika mhadhara wa utani alioupa jina la Mhadhara wa Kumbukumbu ya Ron Barassi. Utani wenyewe ulianzia hapo, maana Barassi alikuwa hai, mzima wa afya, na msimu uliotangulia alikuwa ametoka kubeba kombe na timu ya North Melbourne. Sasa, kwa nini yeye? Ligi ilijaa wachezaji hodari na makocha wenye makombe. Nadhani jibu limo katika maisha yake.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa asiyeujua. Kila timu ina watu 18, uwanja ni wa duara lililorefuka, na mpira una umbo kama la yai. Kila mwisho wa uwanja kuna milingoti minne. Ukiupiga mpira kwa mguu ukapita kati ya milingoti miwili mirefu ya katikati, ni goli, pointi 6. Ukipita pembeni yake, kati ya mrefu na mfupi, ni pointi 1. Hakuna kuotea. Ukidaka mpira wa juu uliopigwa na mtu mwingine kwa umbali wa kutosha, unapewa nafasi ya kuucheza bila kusumbuliwa, ndiyo maana utaona watu wakiruka hadi mabegani mwa wenzao kuuwahi.

Ron Barassi alizaliwa mwaka 1936 huko Castlemaine, jimbo la Victoria. Baba yake, aliyeitwa Ron pia, aliichezea timu ya Melbourne na kutwaa nayo ubingwa wa 1940. Mwaka uliofuata aliuawa vitani Tobruk, Libya, mwanawe akiwa na miaka 5. Klabu haikumsahau mtoto yule. Mama yake alipohamia Tasmania na kijana, wakati huo akiwa na miaka kama 16, akataka kubaki karibu na mpira, alichukuliwa na Norm Smith, rafiki na mchezaji mwenzake marehemu baba yake. Smith sasa alikuwa ndiye kocha wa Melbourne. Akampa kijana chumba uani kwake, Coburg.

Hebu fikiria maisha hayo. Mtu anayekupangia mazoezi jioni ndiye unayekutana naye asubuhi kwenye chai. Kosa la Jumamosi halikuishia uwanjani, liliweza kukufuata hadi mezani. Watu wengi husimulia ukali wa Barassi alipokuwa kocha, sauti yake iliyotikisa chumba cha kubadilishia nguo. Mimi naona ukali ule alirithishwa uani kule, pamoja na mapenzi yaliyokuwa nyuma yake.

Mwaka 1953 alianza kuichezea Melbourne akivaa jezi namba 31, ile ile ya baba yake. Smith akakuta tatizo: kijana ni mfupi mno kupambana na majitu yanayorukia mpira katikati ya uwanja, na ni mnene mno kuwa mmoja wa wale wadogo wanaookota mpira miguuni mwao. Badala ya kumweka benchi, akambunia nafasi mpya, azurure na kuufuata mpira popote ulipo. Leo nafasi ya aina hiyo ni ya kawaida. Kwa njia hiyo Melbourne ikachukua ubingwa wa 1955, 1956, 1957, 1959, 1960 na 1964, na Barassi alikuwemo katika vikosi vyote sita, viwili vya mwisho akiwa nahodha.

Kisha akahama. Mwaka 1965 alikwenda Carlton, wapinzani wa mji huo huo, awe mchezaji na kocha kwa pamoja. Melbourne ilipigwa na butwaa. Mtoto wa klabu, yatima aliyelelewa na klabu, anavaaje jezi ya wengine? Lakini kubaki na kuwa kocha kungemaanisha kukalia kiti cha mlezi wake. Katikati ya msimu huo huo Smith akafukuzwa na viongozi wa Melbourne, na ingawa walimrudisha haraka, mambo hayakuwa tena kama zamani. Klabu hiyo ilisubiri miaka 57 kabla ya kuonja ubingwa mwingine, mwaka 2021.

Carlton walikuwa hawajachukua kombe tangu 1947. Barassi akawapa la 1968 kwa ushindi wa pointi 3 tu, kisha akatundika daluga na kubaki kocha. Ndipo ikaja fainali ya 1970 dhidi ya Collingwood, mbele ya watu 121,696, umati ambao haujafikiwa tena katika mchezo huo. Hadi mapumziko Carlton walikuwa nyuma kwa pointi 44. Watu wengine wangeanza kuokoa heshima.

Barassi aliwaambia wacheze kwa ngumi. Hapa lazima nieleze. Katika mpira huu hairuhusiwi kumrushia mwenzako mpira kama kwenye kikapu. Unaulaza juu ya kiganja kimoja, mkono mwingine unakunja ngumi, unaugonga. Zamani pasi ya namna hiyo ilikuwa ya mtu aliyebanwa, aliyekosa pa kwenda, kwa sababu heshima ilikuwa kwenye mguu, kupiga mbali na juu. Barassi aliigeuza ikawa silaha ya kushambulia: gonga kwa mwenzako anayepita mbio, naye agonge kwa mwingine, mpinzani akigeuka mpira umeshavuka. Pia alimwingiza Ted Hopkins, kijana mwembamba aliyekuwa wa akiba, naye akafunga magoli 4. Carlton wakashinda 111 kwa 101.

Wapo wanaosema pasi ya ngumi ilizaliwa siku hiyo. Si kweli, na Barassi hahitaji kupewa cha wengine. Len Smith, ndugu yake Norm, alikuwa ameihubiri miaka kadhaa kabla. Polly Farmer wa Geelong alikuwa bingwa wake, na husimuliwa kuwa alijifunza shabaha kwa kuupitisha mpira katika madirisha ya magari. Alichofanya Barassi ni kuwa na moyo wa kuitegemea siku ya fainali, timu ikiwa imeshazama.

Kutoka hapo ilikuwa kama anatafuta waliokata tamaa. North Melbourne walikuwa hawajawahi kuwa mabingwa wa ligi hiyo tangu waingie mwaka 1925, na msimu wa 1972 walishinda mechi 1 tu. Akaenda kwao 1973. Mwaka 1975 wakabeba kombe, na 1977 wakabeba tena baada ya fainali kwisha kwa sare na kurudiwa wiki iliyofuata. Aliporudi Melbourne kama kocha miaka ya 1980 kombe halikuja. Hata hivyo klabu ilianza kuleta vijana waliocheza mpira wa Kigaeli Ireland na kuwafundisha upya. Mmoja wao, Jim Stynes wa Dublin, aliwasili 1984, na 1991 akatwaa nishani ya Brownlow ya mchezaji bora wa ligi. Aliwahi kucheza mechi 244 mfululizo bila kukosa.

Halafu mwaka 1993, akiwa na miaka 57, Barassi aliuvuka mstari wenye jina lake. Sydney Swans walikuwa wamehamishwa kutoka Melbourne mwaka 1982 ili wapeleke mchezo upande wa raga, na sasa walikuwa wakiburuza mkia, katika mfululizo wa vipigo uliofika mechi 26. Alikubali kazi hiyo. Hakuwapa kombe. Lakini alipoondoka mwisho wa 1995, nahodha wake Paul Kelly alikuwa na Brownlow shingoni, na msimu uliofuata Swans wakacheza fainali. Walifungwa, na waliowafunga ni North Melbourne. Kombe lilifika Sydney mwaka 2005.

Barassi alifariki Septemba 2023 akiwa na miaka 87, nyuma yake ubingwa mara 6 kama mchezaji na 4 kama kocha. Kuna mchezaji mmoja ninayemfikiria kila ninapoutazama mstari ule kwenye ramani. Aliir Aliir alizaliwa Kakuma, kaskazini mwa Kenya, mwaka 1994, na utotoni familia yake ilifikia Brisbane, upande wa raga. Mpira wa Kiaustralia ulimkuta huko huko. Timu iliyomsajili ni Sydney Swans.