Je, wajua kwa nini kadi mpya ya grafiki inashindwa na gemu la mwaka 2000?

Jumapili mdogo wangu kaja kwangu Nyakato na flashi mkononi, ndani yake kuna Project I.G.I., lile gemu la mwaka 2000 ambalo wengi tuliokulia Mwanza tulikuwa tunalilipia kwa saa kwenye vibanda vya kompyuta, wawili kwenye kiti kimoja, mmoja anashika mausi mwingine anaangalia ramani. Mashine yangu ina kadi ya grafiki ya GB 8, nimejibana miezi kuinunua. Dogo akakopi, akapesti, akabonyeza mara mbili, kioo kikawa cheusi tii huku muziki unapiga kabisa. Akazima, akawasha tena, safari hii picha ikaja ila inakwamakwama, unageuza mausi saa hizi bunduki inageuka baadaye.

"Kaka, si ulisema hii mashine inacheza kila kitu?"

Na kweli inacheza vitu vizito kweli kweli. Sasa inakuwaje gemu ambalo enzi zake kadi ya MB 32 ilikuwa kadi ya maana, likaishinda kadi yenye memori mara 256 ya hiyo? Hili swali naulizwa sana, na watu wengi wanakimbilia kusema gemu limeoza au flashi ina virusi, wakati faili ni zile zile, hazijabadilika hata herufi moja tangu 2000. Kilichobadilika ni kila kitu kinacholizunguka.

Iko hivi. Gemu halichori picha lenyewe, linaagiza. Linatoa maagizo kwa lugha fulani, kwenye Windows mara nyingi ni DirectX ambayo imeanza 1995, draiva, yaani programu inayoiongoza kadi, inayapokea, kadi inachora. Sasa maagizo ya magemu ya zamani yalikuwa mafupi tu, weka taa hapa, weka ukungu pale, vika huu ukuta picha ya matofali, na kadi za wakati ule zilikuwa na sakiti zilizotengenezwa maalum kwa kila agizo. Agizo la ukungu lina mahali pake, agizo la taa lina mahali pake. Halafu 2001 ikaja GeForce 3, na kuanzia hapo watengeneza magemu wakaanza kujiandikia wenyewe vijiprogramu vya kuchorea vinavyoitwa sheda. Sheda zikanoga, na kadi za baadaye zikaziacha zile sakiti za zamani moja kwa moja. Kadi yangu leo ukiiambia "weka ukungu" haina kitu kinachoitwa ukungu, ni draiva ndiyo inabidi ikae chini iandike sheda ya kuigiza ule ukungu wa zamani, na hiyo kazi ya kuigiza watengenezaji hawaipi muda sana kwa sababu hakuna anayeuza kadi mpya kwa kutangaza magemu ya 2000.

Watu wa Mwanza tunaweza kulielewa hili vizuri kwa Kigongo na Busisi. Chukua mtu aliyeondoka kwao Sengerema miaka mingi, baba yake alimwandikia kwenye karatasi jinsi ya kurudi nyumbani: ukifika Kigongo kata tiketi, subiri pantoni, ikija panda. Leo anarudi na karatasi yake. Pale kuna daraja la kilomita 3 limefunguliwa mwezi wa 6 mwaka 2025, magari yanapita hayasimami, yeye kasimama ukingoni na karatasi anasubiri pantoni. Njia ni nzuri kuliko ilivyowahi kuwa, ila karatasi yake haina neno daraja. Tofauti ni kwamba yule mtu unaweza kumgusa bega ukamwambia mzee wangu pita huku, gemu huwezi, aliyeliandika kashaondoka na karatasi haifutiki.

Kuna magemu yaliyoumia zaidi ya hapo. Kampuni ya 3dfx ilitoa kadi zake za Voodoo 1996 pamoja na lugha yake yenyewe, Glide, na magemu ya wakati ule yakaandikwa yaongee na Glide. Mwisho wa 2000 3dfx ikashindwa, NVIDIA ikanunua mali zake, na Glide ikaishia hapo. Na msidhani ni mambo ya kale tu, Intel walipotoa kadi zao za Arc 2022 hawakuweka DirectX 9 halisi ndani, waliitegemea tafsiri ya kuipeleka kwenye DirectX 12, na magemu ya zamani yakawa yanasuasua mpaka walipokuja kurekebisha draiva.

Ila sababu ninayoipenda kuieleza kuliko zote ni hii ya kisado.

Magemu ya OpenGL, lugha nyingine ya kuiagiza kadi, ya enzi za Quake III Arena, yakiwaka tu kitu cha kwanza yanaiuliza kadi, wewe unajua kufanya nini? Kadi inajibu kwa kutaja ujuzi wake wote, jina baada ya jina kwenye mstari mmoja mrefu. Kadi za 1999 zilikuwa na majina machache, kwa hiyo baadhi ya waandishi wa magemu wakatenga chombo cha ukubwa fulani cha kupokelea jibu, wakaona kinatosha na kubaki. Sasa kadi ya leo inajua mamia ya vitu. Ni sawa na kwenda Mwaloni pale Kirumba na kisado chako cha dagaa, mwenye mzigo hakuulizi anakumiminia gunia zima, dagaa zinajaa, zinamwagika kwenye meza ya jirani, zinachanganyika na sangara wa watu. Ndani ya kompyuta hiyo meza ya jirani ni memori iliyobeba vitu vingine vya gemu, vikiharibika gemu linafunga hapo hapo. Yaani limekufa kwa sababu kadi inajua mambo mengi mno. Kwenye Linux kuna dawa yake nzuri sana, unaweka MESA_EXTENSION_MAX_YEAR na mwaka, mfano 2001, basi draiva inataja tu ujuzi uliokuwepo mpaka mwaka huo na kisado kinatosha.

Memori nayo ina mtego wa aina hiyo. Baadhi ya magemu ya zamani yanahesabu memori ya kadi kwa namba ya biti 32 inayokubali hasi na chanya, ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647, karibu GB 2. Ukizidisha hapo hesabu inageuka, GB 3 inasomeka hasi, GB 8 inaweza kusomeka sifuri kabisa. Gemu linaona kadi haina memori hata tone, linakataa kuwaka au linajichorea kwa kiwango cha chini kabisa.

Sasa tiba. Kwa sababu gemu halibadiliki na kadi hairudi nyuma, tunaweka mtu katikati. Turudi Kigongo, tunamweka mtu pale pale alipokuwa anakaa mkata tiketi, anapokea karatasi ya yule msafiri, anamkatia tiketi kama zamani, halafu anampandisha gari linapita darajani. Msafiri akifika Busisi anajua kavuka kwa pantoni. Programu inayofanya hivyo niliyoitumia mimi ni dgVoodoo2, inaelewa Glide na DirectX za zamani kuanzia ya kwanza hadi ya 9, inazigeuza kuwa DirectX 11 au 12 ambazo kadi mpya inazijua kwa moyo.

Inaingiaje katikati? Hapa ndipo pazuri. Gemu likitaka DirectX ya zamani linaita faili kwa jina, mfano DDraw.dll, na Windows kwa kawaida inaanza kulitafuta kwenye folda ya gemu lenyewe kabla ya kwenda kwenye mafaili yake ya mfumo. Ukiweka pale faili lenye jina hilo hilo, gemu linalichukua bila kuuliza. Kwa hiyo nilifungua dgVoodoo2, folda ya MS, ndani yake x86, maana gemu ni la biti 32 na watu wengi wanakosea hapo wanachukua x64 kwa kuwa Windows yao ni ya biti 64, nikakopi DLL zote nikazipesti pembeni ya faili la kuwashia gemu. Halafu nikafungua dgVoodooCpl, programu yake ya mipangilio, nikaweka memori MB 256 ili lile tatizo la hesabu lisitokee, resolusheni 1920 kwa 1080. Ile nembo inayotokea kwenye kona msiiondoe siku ya kwanza, ndiyo inayowaonyesha kwamba gemu kweli linapita kwa mkata tiketi wenu, ikionekana basi mnaweza kuizima. Na mdaunlodi kwa mwenyewe aliyeitengeneza, sio kwenye flashi ya mtu.

Kwa wenye Linux njia ni DXVK, inayogeuza DirectX ya 8 hadi ya 11 kuwa Vulkan, lugha mpya ya kuiagiza kadi, na baadhi ya watu wanaiweka hata kwenye Windows kwa GTA IV na wanaisifu.

Jingine dogo, mkishafanikiwa msikimbilie kuachia spidi yote. GTA San Andreas ya kompyuta ya 2005 ina kizuizi cha spidi kwenye mipangilio ya picha, ukikizima kadi mpya inachora picha nyingi mno kwa sekunde, na kwa kuwa baadhi ya mahesabu ya gemu yanafungwa kwenye idadi ya picha, CJ, yule mhusika mkuu, akiingia majini anaogelea polepole kama kafungwa jiwe kiunoni. Kiacheni kimewashwa. Na kama mna CD halisi ya zamani inagoma kabisa kwenye Windows 10, huenda kadi haihusiki, Windows 10 haipokei tena SafeDisc, ile kinga ya CD iliyokuwa kwenye magemu mengi.

Dogo akabonyeza tena mara mbili. Kioo kikawa cheusi sekunde mbili, nembo ikatokea kwenye kona, halafu uzio wa ile kambi ya kwanza ukaja umenyooka waya kwa waya, kitu ambacho kule kibandani hatukuwahi kukiona, tulikuwa tunaona ukungu tu wa kijivu. Akasogeza kiti karibu na meza, akanipisha nafasi ya kukaa.

"Kaka, shika ramani."