Sauti baada ya kuugua: anza na pumzi, nota ya juu isubiri

Mwanakwaya akitoka kuugua sana kitu cha kwanza anachokijaribu ni ile nota yake ya juu, yani hata kabla hajapata nguvu za kupanda ngazi vizuri. Nafundisha sauti hapa Iringa na hili naliona kila mara, ikikatika anaanza kulia kwamba sauti imeenda, wakati mara nyingi kilichoisha ni pumzi.

Tuangalie waimbaji wa opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) maana wale mwili wao wote uko kazini. Anaimba bila maiki mbele ya okestra nzima, yani kundi kubwa la wapiga ala, na anasikika mpaka kiti cha mwisho, kwasababu sauti iliyofundishwa inakusanya nguvu kwenye masafa ya karibu Hz 3,000 (mitetemo 3,000 kwa sekunde) ambako okestra imepungua. Ili hiyo itokee presha ya pumzi inabidi itulie, na anayeituliza ni misuli ya mbavu, tumbo na mgongo, ndo hiyohiyo inayonyauka mtu akilala kitandani muda mrefu.

José Carreras, mwimbaji wa tenor (sauti ya juu ya kiume) wa Hispania, aligundulika na kansa ya damu mwaka 1987, akatibiwa kwa dawa, mionzi na kupandikizwa uboho kule Seattle. Julai 1988 akaimba tena kwao Barcelona mbele ya umati unaokadiriwa watu 150,000, tena aliimba na piano tu, sio opera nzima. Miaka miwili baadae ndo lile tamasha la Roma na matenor wenzake, Pavarotti na Domingo. Mwingine ni Charity Tillemann-Dick, soprano (sauti ya juu ya kike) wa Marekani, presha ya mishipa ya mapafu ilimlazimu abadilishiwe mapafu yote mawili mwaka 2009 na tena 2012, akarudi jukwaani, alifariki 2019. Yule dada nyuzi za sauti zilikua zake lakini pumzi ilibidi aijenge upya kabisa, na mimi huyu ndo ananigusa zaidi.

Sasa huku kwetu kuna la ziada. Iringa mjini tuko mita zaidi ya 1,500 juu ya bahari, Mbeya karibu 1,700, hewa nyepesi, kwahiyo mtu aliyetibiwa Dar akipanda huku atahema mapema na asiogope. Halafu Juni na Julai baridi ya asubuhi na ule ukavu vinakausha koo, sasa kama dawa zilishalikausha tayari ndo balaa, mazoezi yahamie mchana.

Daktari akisharuhusu, anza kwa kutembea huku unaongea, ukiweza kumaliza sentensi bila kukata ndo tuanze kuimba. Chukua mrija wa soda, imbia ndani yake polepole sauti ya kati, ile presha inayorudi nyuma inasaidia nyuzi zitetemeke bila kugongana kwa nguvu. Dakika chache, mara nyingi kwa siku, ukichoka acha. Usinong'one ukidhani unapumzisha koo, kunong'ona kwa kujikamua kunaumiza pia. Tangawizi kunywa tu ila haigusi nyuzi za sauti, unachomeza kinapita njia ya chakula, kinacholainisha nyuzi ni maji unayokunywa siku nzima. Na ukikwaruza zaidi ya wiki tatu nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, hasa kama uliwekewa mpira wa kupumulia kooni wakati wa opereshen.

Walimu wenzangu nawaomba kitu kimoja jamani, ile ibada ya shukrani ambayo mgonjwa anarudi na kanisa zima linataka asimame aimbe solo yake ya zamani, yani ule wimbo wa peke yake, msimpe. Mwekeni katikati ya mstari wa alto au soprano wenzake wapokezane pumzi, akikata asisikike. Akisisitiza sana kushukuru kwa wimbo basi shusheni ki (kimo cha wimbo) kwa toni moja na nusu, kwaya ibebe beti, yeye achukue kiitikio cha mwisho.