Chumba cha seva si friji

Juzi nimeingia chumba cha seva cha chuo kimoja Dar es Salaam, kijana wa TEHAMA akanipokea kavaa sweta. "Hapa tunaweka nyuzi 16, mhandisi," ananiambia kwa fahari, rimoti mkononi. Mwaka huu huyo ni wa nne.

Jamani, seva si nyama. Mwongozo wa ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa viyoyozi, ambao watengenezaji wa seva wenyewe wanaufuata, unapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe nyuzi 18 hadi 27. Inayoingia, yaani mbele ya raki, lile kabati la chuma la kupangia seva. Nyuma acheni pawe moto, ndiko joto linakotokea.

Pale raki zote zilitazama upande mmoja kama wanafunzi darasani, kwa hiyo ya mbele inaipulizia joto usoni iliyo nyuma yake. Nikapima mbele ya seva ya juu kabisa: 29. Rimoti bado inasema 16, na chuo kimeshaomba fedha za kiyoyozi cha tatu! Geuzeni safu zitazamane, zibeni nafasi tupu za raki, ning'inizeni mapazia mazito ya plastiki mwisho wa ujia ulio kati ya safu. Kisha pandisheni nyuzi moja kila wiki, mkipima pale pale juu. Mimi huishia 24 au 25, maana ukizidisha feni za seva zinaanza kukimbia na kula ulichookoa.

Tena kwa unyevu wa pwani, kiyoyozi cha 16 kinatumia umeme mwingi kukamua maji hewani. Ile ndoo inayofurika nje chini ya bomba ni bili yenu.

Kisha kuna hoja ninazozisikia kila mahali. "Tuvute hewa ya nje kama Nairobi." Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na usiku wake una baridi. Dar mtavuta jasho na chumvi.

"Seva isiyo na kazi haili umeme." Inakula, za zamani hata karibu nusu ya kiwango chake cha juu. Hamishieni kazi kwenye mashine chache, nyingine zimeni.

"Sola itamaliza yote." Mchana itasaidia. Seva hazilali.

Na PUE, yaani umeme wote wa chumba ukigawanywa kwa umeme wa seva, ambao watu hutaka uwe mdogo: chuo kimoja kilizima seva 11 zilizokaa bure, PUE ikapanda, mkuu wa idara akataka ziwashwe tena. Imepanda kwa sababu umeme wa seva umepungua huku viyoyozi vikibaki vilevile. Nikamwomba alete bili ya mwezi ule. Ilikuwa imeshuka.