Je, wajua kwa nini uyoga wa kichuguuni una mzizi mrefu?

Mvua za kwanza zikishika, kwenye vichuguu na kandokando yake huchomoza uyoga wenye kofia nyeupe au ya kahawia, na katikati ya kofia kuna kinundu kigumu chenye ncha. Mwenye haraka hushika shina na kuvuta. Shina linakatika, na mkononi anabaki na uyoga uliopoteza kitambulisho chake. Ukichimba taratibu kwa kijiti utaona shina linazidi kushuka, likipungua unene kadiri linavyokwenda: sentimita 20, 30, wakati mwingine zaidi ya nusu mita.

Huo si mzizi kama wa mhindi. Haupo kwa ajili ya kufyonza maji. Ni shina lenyewe, na urefu wake ni kina cha shamba la mchwa.

Mchwa wajengao vichuguu vikubwa hutafuna nyasi kavu, majani na vijiti, wakavipitisha tumboni, kisha kinyesi chao hukijengea masega yenye vitundu kama sifongo. Juu ya masega hayo huota utando wa kuvu wa jamii ya Termitomyces, ambao huvunjavunja ule ugumu wa mti unaowashinda mchwa wenyewe. Utando hutoa vipunje vyeupe vidogo kama kichwa cha pini. Mchwa huvila, na baadaye hula hata sega lililokwisha kulainika. Joto la humo ndani hukaa karibu nyuzi 30. Ardhi ikilowa, kuvu hupeleka shina juu ili amwage spora, vumbi lake la kuzaliana, hewani, na kile kinundu cha kofia ndicho msumari wake wa kutobolea udongo. Ndiyo maana uyoga huu hutoka palepale mwaka hadi mwaka: maadamu mchwa wako hai, shamba liko chini. Ukibomoa kichuguu ukitafuta mzizi mzima, umeharibu mavuno ya mwakani. Fukua mmoja tu uhakikishe, mingine ikate kwa kisu usawa wa ardhi.

Mzizi peke yake hautoshi, lakini. Upo uyoga mwingine wenye shina la kuzama, unaoota juu ya mbao zilizofukiwa. Kofia yake huteleza ikilowa. Kwa hiyo kamilisha ukaguzi kwa rangi ya spora. Kata shina, laza kofia juu ya karatasi ambayo nusu ni nyeupe na nusu nyeusi, funika kwa bakuli, uache usiku kucha. Uyoga wa kichuguuni huacha vumbi lenye wekundu hafifu. Vumbi la kijani ni la uyoga mkubwa mweupe upendao viwanja vya nyasi, wenye pete inayoteleza juu na chini ya shina. Huo ukiwa mchanga, vile vikurasa vyembamba vya chini ya kofia bado ni vyeupe, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kutapika na kuharisha huanza ndani ya saa chache.

Wa kuogopwa zaidi ni wenye spora nyeupe na kifuko kama ganda la yai kwenye kitako cha shina. Kifuko hicho hubaki udongoni ukivuta uyoga, sababu nyingine ya kuchimba. Miongoni mwa jamii hiyo imo ile inayoua ini. Sumu yake haiondoki kwa kuchemsha, kukausha wala kugandisha. Dalili huchelewa saa 6 hadi 24, kisha mgonjwa huonekana kama amepona huku ini likiendelea kuharibika. Asisubiriwe nyumbani: apelekwe hospitali pamoja na mabaki ya uyoga mbichi. Na ile kauli kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba kitunguu saumu hubadilika rangi kikipikwa na wenye sumu, ni ya kutupwa. Konokono hula vitu ambavyo binadamu hawezi.

Ukishajiridhisha, bebea kikapu. Ndani ya mfuko wa plastiki uyoga hutoa jasho na kuoza siku hiyohiyo. Kwa nusu kilo, kwangua udongo, suuza haraka bila kuloweka, kisha chana kwa vidole kufuata nyuzi za shina. Sehemu nyembamba ya mzizi itupe, ni ngumu kama kamba. Tandaza kwenye sufuria pana isiyo na mafuta, moto wa wastani. Baada ya dakika chache utaona maji yanajaa, maana uyoga karibu wote ni maji. Acha yakauke kabisa, kama dakika 10. Wengi hukosea hapa kwa kurundika uyoga kwenye sufuria nyembamba, ukachemkia maji yake na kuwa kama mpira. Sasa weka vijiko viwili vya mafuta, kitunguu kimoja, kikilainika nyanya mbili. Koroga nusu kikombe cha karanga za kusaga katika kikombe kimoja cha maji, mimina, punguza moto, pika dakika 15 ukigeuza ili karanga zisishike chini. Chumvi mwishoni. Anayeula kwa mara ya kwanza aanze na kiasi kidogo, na uyoga mmoja mbichi uwekwe kando hadi kesho yake.

Upo mmoja wa jamii hii usio na mzizi kabisa: ule mdogo mdogo, kofia ya sentimita 1 au 2, unaotoka kwa mamia kama mchele uliomwagika. Hauhitaji kutoboa udongo, kwa kuwa mchwa wenyewe hubeba vipande vya sega na kuvitoa nje.