Ganzi si nusu kaputi, na mofini ni kitu kingine kabisa

Wifi yangu amejifungua kwa upasuaji hapa Tabora, na tangu arudi nyumbani kila mgeni anayeingia na chupa ya uji anauliza: "Alipigwa nusu kaputi ya mgongo?" Wiki nzima sasa. Nimechoka.

Nusu kaputi ni kupotezwa fahamu. Ganzi ni kufa hisia sehemu fulani huku uko macho. Kutuliza maumivu ni jambo la tatu, na hilo ndilo kazi ya vipokezi, yaani protini zilizo juu ya seli za neva, ambazo mofini huzinasa kama ufunguo na kitasa. Basi.

Majina ndiyo yanayotuponza. Kaputi ni *kaputt* ya Wajerumani: kilichoharibika, kilichokwisha. Walijenga boma hapa, reli yao ikafika 1912, Wabelgiji wakawatoa 1916, neno lao likabaki wodini. Nusu kaputi, nusu mfu! Ganzi ni yetu. Mtoto yeyote wa Tabora aliyekula embe bichi analijua ganzi la meno. Mofini nayo ilipewa jina na mfamasia Mjerumani, Sertürner, kutokana na Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki. Tangu hapo watu wanadhani inatuliza kwa kulaza.

Sivyo. Dawa ya ganzi ya mgongo, kama bupivakaini, hufunga milango ya sodiamu inayopitisha ujumbe kwenye neva, hapiti mtu: si maumivu, si mguso, si amri ya kusogeza mguu. Mofini haifungi barabara. Inakaa kituoni, upande wa nyuma ndani ya uti wa mgongo, pale neva inayotoka kwenye kidonda inapokabidhi habari kwa neva inayopanda ubongoni. Vipokezi viko kwa wote wawili. Anayekabidhi hufungiwa mlango wa kalsiamu, akatoa ujumbe kidogo; anayepokea hufunguliwa mlango wa potasiamu ikavuja nje, akawa mzito kushtuka. Maumivu yanafifia, miguu inatembea. Vipokezi hivyo vilionyeshwa 1973, na mwaka 1976 watafiti Yaksh na Rudy wakaonyesha kwa panya kuwa mofini ikiwekwa mgongoni tu inatuliza. Ndiyo maana miligramu 0.1 mgongoni huweza kufika hadi kesho yake, wakati sindano ya msuli huwa kama miligramu 10.

Wifi, aliyewekewa zote mbili mgongoni, ganzi na mofini, alijikuna pua usiku kucha, majirani wakatangaza mzio. Kuwashwa usoni ni kawaida ya mofini ya mgongoni.

Jana mama mmoja wa jirani aliuliza tena. Nikamwambia, "Hapana mama, alikuwa macho. Ndiye aliyeuliza mtoto ni wa kike au wa kiume kabla daktari hajasema."

"Kumbe ganzi."

"Ganzi ya kupasuliwa, mama. Usiku ule ilikuwa mofini."