Kuwinda na mbwa bila bunduki: je, kibali hakihitajiki?

Vijiji vingi vya Pangani, Handeni na Bagamoyo wana imani ya siku nyingi: kibali ni cha mwenye bunduki. Anayeingia porini na mbwa wake na rungu, akatoka na digidigi wa kitoweo, hadaiwi karatasi. Ni imani inayoeleweka, maana wazee waliwinda hivyo, mbwa wakifungwa njuga shingoni.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 haiangalii silaha kwanza. Inamwangalia mnyama, na mnyamapori ni mali ya umma hata akilala kwenye shamba lako la mihogo. Tena kumfukuza tu kunahesabika kuwinda, mbwa wamkamate wasimkamate. Mbwa wenyewe wametajwa kwa jina miongoni mwa njia zilizokatazwa, pamoja na nyavu, mitego, sumu na mashimo, isipokuwa kwa idhini ya maandishi ya mkurugenzi wa wanyamapori. Kwa hiyo hata mwenye leseni ya kuwinda hajaruhusiwa mbwa moja kwa moja. Hapo ndipo wengi hushangaa.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani hakuna la kujadili: hakuwindwi.

Kuhakikisha si kazi. Sheria inapatikana mtandaoni. Tafuta sehemu ya njia za uwindaji zilizokatazwa. Au nenda halmashauri, umuulize afisa wanyamapori wa wilaya. Ngiri wakivamia mahindi, ripoti ipelekwe hukohuko, kupitia ofisi ya kijiji. Na jirani akisema anacho kibali, mwombe akuonyeshe, kisha usome kama mbwa wameandikwa.